NAS inawaka, taa za diski ni kijani, lakini haifunguki: uchambuzi wa kisa kimoja cha Tabata

Kifaa ni NAS, yaani hifadhi ya mafaili inayofunguliwa kupitia mtandao, ya kampuni ya Synology, ya diski mbili, kila diski terabaiti 4, zikiwa zimepangwa kwa mtindo wa kioo: kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa vilevile kwenye ya pili. Kiko Tabata, Dar es Salaam, nyumbani kwa dada anayepiga na kuhariri video za harusi, sendofu na kitchen party. Ndani yake mna kazi za wateja za misimu kadhaa, nyingine bado hazijakabidhiwa. Kwa muda mrefu kilikaa chumba cha kazi, kando ya ruta ya 4G, kimeunganishwa kwa waya mfupi wa mtandao (LAN). Laptopu yenye Windows 11 Pro na kompyuta ya mezani yenye Windows 10 zilikifungua kupitia Wi-Fi kama diski Z.

Kisha, ndani ya wiki moja, umeme ulikatika Jumamosi usiku kifaa kikiwa kazini, na Jumatatu wakaja mafundi wa kampuni ya intaneti kufunga faiba. Ruta mpya ikawekwa sebuleni, nyuma ya televisheni. NAS ikabaki chumba cha kazi, ukanunuliwa waya wa LAN wa mita 15 uliokwisha fungwa vichwa, ukapitishwa pembeni mwa ukuta na chini ya mlango. Jumatano diski Z ikawa na alama nyekundu ya X, na laptopu ikaleta kosa namba 0x80070035, yaani njia ya mtandao haikupatikana.

Mwenye kifaa akaunganisha tatizo na umeme wa Jumamosi, jambo ambalo mtu yeyote wa Dar angelifanya. Ujumbe wake ulikuwa huu: "Fundi habari za kazi. Diski zimekufa na umeme, naomba uje na mashine ya kuokolea data." Fundi akamjibu: "Pole sana dada. Usichomoe kitu wala usibonyeze kitu. Nipigie picha ya taa za mbele na za nyuma, unitumie."

Jibu hilo lilifika wakati mzuri. Mdogo wake alikuwa ameshazima kifaa, akachomoa diski ya kwanza na kuichomeka kwenye laptopu kwa kesi ya USB. Windows ikamletea ujumbe kwamba diski lazima ifomatiwe ndipo itumike. Hapo ndipo kazi za watu hupotea. Diski za NAS ya namna hii hupangwa kwa mfumo wa Linux, ext4 au Btrfs juu ya tabaka la RAID (mpangilio unaounganisha diski zifanye kazi pamoja), na Windows haiusomi mpangilio huo. Kwa macho yake diski nzima kabisa ni diski isiyo na kitu, ndiyo maana inaomba kuifomati. Kijana akakataa, akairudisha diski kwenye nafasi yake ileile, namba 1, kabla kifaa hakijawashwa. Kwa kuwa NAS haikuwahi kuwaka ikiwa na diski moja, kioo hakikuvunjika. Ingewashwa hivyo, ingepiga kengele na kujihesabu kuwa imepungukiwa, na baadaye ingehitaji kujenga upya kioo chote: kwa terabaiti 4, kwa mwendo wa megabaiti 120 kwa sekunde, ni zaidi ya saa tisa za diski kusomwa mfululizo. Huo si mzigo wa kuupa diski ambayo hujaipima afya.

Picha zilipofika, zilionyesha taa ya umeme bluu imetulia, taa ya hali kijani imetulia, taa za diski zote mbili kijani. Kwa Synology, picha hiyo peke yake inaondoa nusu ya hofu. Kama volumu (eneo la kuhifadhi linaloundwa na diski hizo) ingekuwa imeharibika au kupungukiwa, taa ya hali ingekuwa inapepesa rangi ya chungwa. Kama adapta ingekuwa imechoka, taa ya bluu ingepepesa bila kukoma huku diski zikijaribu kuzunguka na kusimama.

Adapta inastahili maneno mawili hapa, kwa sababu ndiyo inayouawa kwanza umeme unaporudi kwa kishindo, na ndiyo inayowadanganya mafundi wengi. NAS ndogo za diski mbili hutumia adapta ya volti 12, ampia 5, au karibu na hapo. Diski moja ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huweza kuvuta karibu ampia 2 kwenye laini ya volti 12, kwa hiyo diski mbili zikiamka pamoja adapta iko karibu na ukingo wake. Adapta iliyochoka ukiipima kwa mita ikiwa haijabeba kitu itakuonyesha volti 12 safi. Ipime kifaa kikiwa kinawaka: ikishuka chini ya volti 11.4 diski zinapoamka, ibadilishe. Hapa ilipimwa ikakaa 12.0. Umeme wa Jumamosi ukawa umetoka kwenye orodha ya washukiwa.

Taa iliyobaki kwenye picha ni ya LAN. Kwenye picha moja ilikuwa imewaka, kwenye nyingine imezima. Hilo si jambo la diski wala la Windows.

Kompyuta mbili, majibu mawili

Fundi alipofika alianza na amri mbili kwenye kila kompyuta, bila kubadilisha chochote. Kwanza ipconfig, inayoonyesha anwani ya kompyuta, kisha ping, inayouliza kama kifaa chenye anwani fulani kinajibu:

ping 192.168.8.50

Hiyo ndiyo anwani ambayo NAS ilipewa zamani, na ndiyo iliyoandikwa kwenye njia ya mkato ya diski Z. Laptopu ilikuwa na anwani 192.168.100.14, na ruta yake ni 192.168.100.1. Jibu la ping: "Request timed out". Kompyuta ya mezani, iliyo hatua mbili kutoka hapo, ilikuwa na anwani 192.168.8.103, na jibu lake: "Reply from 192.168.8.103: Destination host unreachable".

Majibu haya mawili wengi huyachukulia kuwa kitu kimoja, nayo hayafanani hata kidogo. Kompyuta inapotafuta anwani iliyo nje ya mtandao wake, haitafuti yenyewe; inaikabidhi ruta. Laptopu ilikuwa kwenye 192.168.100, ikaona 192.168.8.50 ni mtaa mwingine, ikaipa ruta ya faiba, nayo ikaisukuma nje kuelekea intaneti, ambako anwani za 192.168 hazina kwao. Hakuna aliyejibu, muda ukaisha. Kompyuta ya mezani ilijiona iko mtaa mmoja na 192.168.8.50, ikapiga kelele mtaani yenyewe kuuliza "nani ana anwani hii?", ikanyamaziwa, na ndipo ikatoa jibu kwa jina lake yenyewe kwamba mwenyeji hafikiki. Tazama anwani inayotoa jibu: ikiwa ni ya kompyuta yako mwenyewe, swali halikuvuka hata ruta.

Lakini kompyuta ya mezani ilipata wapi 192.168.8.103 wakati ruta ya nyumba sasa ni ya 192.168.100? Ruta ya 4G haikuzimwa. Iliachwa ikiwaka chumba cha kazi ili faiba ikikatika pawe na akiba, na ruta mpya ilipewa jina lilelile la Wi-Fi na nenosiri lilelile ili simu za nyumbani zisisumbue. Matokeo yake, kila kifaa kikawa kinajichagulia ruta kwa nguvu ya mawimbi. Kompyuta ya mezani iliendelea kushika ya zamani iliyo karibu nayo, wakati NAS imeshahamishiwa waya wa ruta mpya. Intaneti ilifanya kazi pande zote mbili, ndiyo maana hakuna aliyehisi kwamba nyumba ina mitandao miwili isiyojuana. Ukikuta hali hii, zima ruta moja kabla hujapima kingine chochote, la sivyo utakuwa unapima vitu viwili kwa jina moja. Ya 4G ikazimwa, kompyuta zote mbili zikahamia 192.168.100.

Kwa hiyo kosa la kwanza likawa wazi. NAS iliwekewa anwani ya kudumu 192.168.8.50 kwa sababu ruta za 4G za Huawei huja na mtandao wa 192.168.8, na vifaa vya faiba vya kampuni hiyohiyo kwa kawaida huja na 192.168.100. Ruta ilibadilika, NAS ikabaki na anwani ya mtaa wa zamani. Wengi wangeishia hapo, wakabadilisha anwani, na wasingefanikiwa, kwa sababu chini ya kosa hili palikuwa na lingine.

Waya wa mita 15

Ili kuingia kwenye kifaa chenye anwani ya mtaa mwingine, huhitaji ruta. Unachomeka laptopu moja kwa moja kwenye NAS, unazima Wi-Fi ya laptopu, na unaipa LAN yake anwani ya mtaa ule wa zamani kwa mkono: 192.168.8.20, kinyago (subnet mask) 255.255.255.0, sehemu ya ruta unaiacha wazi. Waya wa kawaida unatosha. Matundu ya LAN ya siku hizi yanajigeuza yenyewe, hauhitajiki ule waya wa kupishanisha wa zamani. Kumbuka kurudisha mpangilio wa kujipatia anwani ukimaliza, kwani laptopu nyingi hurudi kwa mafundi wiki inayofuata kwa sababu hii tu.

Fundi alichomoa upande wa sebuleni wa waya wa mita 15 kwenye ruta, akauchomeka kwenye laptopu. Taa ya LAN ikawaka sekunde chache, ikazima, ikawaka tena. Ping haikurudi. Akatoa kwenye boksi waya mfupi uliokuja na NAS, akauchomeka badala yake. Ping ikajibu papo hapo, chini ya milisekunde 1. Anwani http://192.168.8.50:5000 ikafungua ukurasa wa kuingilia, nenosiri likakubali, na volumu ikaonekana nzima, mafaili yote mahali pake.

Kuwaka na kuzima huko kuna sababu yake. Gigabiti moja inahitaji jozi zote nne za waya; megabiti 100 inahitaji mbili tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Vifaa viwili vinapokutana huzungumza kwanza kwenye jozi hizohizo mbili na kukubaliana mwendo. Kama jozi ya bluu au ya kahawia imekatika, mazungumzo yanafanikiwa, pande zote zinakubaliana gigabiti, kisha kiungo kinashindwa kusimama kwa sababu jozi nyingine hazipo, na vinaanza upya. Vifaa vingine vina akili ya kushuka hadi megabiti 100 baada ya kushindwa mara kadhaa, vingine vinazunguka hivyo siku nzima. Ndiyo maana waya uleule unaweza kufanya kazi kwenye televisheni na kukataa kwenye NAS, na fundi akaapa kwamba waya ni mzima.

Kipima waya cha bei ndogo, chenye taa nane, kilionyesha 1, 2, 3, 6, 7 na 8. Taa 4 na 5, jozi ya bluu, hazikuwaka. Waya ulipokunjwa taratibu pale unapopita chini ya mlango, ya 5 ikamulika na kuzima. Pakakatwa hapo. Ndani, nyuzi mbili za bluu zilikuwa zimevunjika kama kijiti kikavu, na zilipokwaruzwa kwa kisu, rangi ya shaba ikatoka na chini yake pakawa peupe.

Huo ni waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Juu umeandikwa Cat6, na maduka ya Kariakoo yamejaa wa namna hiyo pamoja na ule wa shaba kamili, mara nyingi rafu moja. Aluminiamu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, ukinzani wake ni kama mara 1.6, lakini kwa mita 15 hilo lisingekuwa tatizo. Tatizo ni kwamba haivumilii kukunjwa. Mlango ukiubana mara chache tu, unavunjika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Dalili dukani ni uzito: boksi la shaba kamili ni zito waziwazi kuliko la aluminiamu la urefu uleule. Uthibitisho ni kisu. Omba kukata sentimita tatu za mwisho, ukwaruze. Muuzaji mwenye waya halisi hatakukatalia.

Badala yake ziliwekwa mita 18 za Cat5e ya shaba kamili. Si lazima iwe Cat6. Cat5e inabeba gigabiti hadi mita 100, na nyumba za kawaida hazifiki robo yake. Safari hii waya ulipandishwa juu ya fremu ya mlango ndani ya mfereji wa plastiki wa kufichia nyaya, mbali na waya wa umeme, na pale zilipolazimika kukutana zilipishana kwa pembe mraba. Vichwa vya RJ45 vilifungwa kwa mpangilio wa B pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Msokoto wa jozi usifunguliwe zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa ili kibano kishike ganda, si nyuzi. Ukitumia waya wa nyuzi nzima (solid), nunua vichwa vilivyotengenezwa kwa nyuzi nzima. Vya waya laini (stranded) hushika leo na kulegea baada ya joto na unyevu wa msimu mmoja.

Baada ya hapo ukurasa wa NAS ulionyesha kiungo cha megabiti 1000. Tofauti yake kwa kazi hii ni kubwa. Harusi moja ya gigabaiti 200 kwa kiungo cha megabiti 100, ambacho kwa hali nzuri hutoa megabaiti 11 na nusu kwa sekunde, huchukua karibu saa tano kunakiliwa. Kwa gigabiti, megabaiti 110 kwa sekunde, ni nusu saa. Ili laptopu nayo ifaidi, ilibidi iache Wi-Fi wakati wa kunakili. Swichi ndogo ya gigabiti yenye matundu matano iliwekwa chumba cha kazi: waya wa sebuleni unaingia humo, na NAS na kompyuta zote mbili zinachomekwa humo.

Anwani mpya, na mahali pa kuiandika

NAS ikiwa imefunguliwa kwa waya mfupi, mipangilio ya mtandao ilibadilishwa kutoka anwani ya mkono kwenda kujipatia yenyewe kwa DHCP, ambapo ruta ndiyo inayogawa anwani, kisha ikachomekwa kwenye ruta mpya. Ikapata 192.168.100.23. Hiyo isiachwe hivyo, kwani kesho inaweza kuwa nyingine. Kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya LAN, inatengwa anwani moja kwa ajili ya kifaa chenye namba fulani ya MAC, yaani kitambulisho cha tundu lake la mtandao. Namba hiyo imeandikwa kwenye karatasi chini au nyuma ya NAS. Za Synology nyingi huanza na 00:11:32. Hapa ikatengewa 192.168.100.50.

Kwa nini kwenye ruta na si ndani ya NAS? Kwa sababu siku ruta itakapobadilishwa tena, NAS itajipatia anwani ya mtaa mpya bila kusubiri mtu. Utaitafuta kwa jina lake au kwa find.synology.com ukiwa ndani ya mtandao uleule, na utaikuta. Anwani iliyochongwa ndani ya kifaa ndiyo iliyoleta kisa hiki. Ruta nyingine za kampuni za intaneti zimefungwa, mteja haruhusiwi kugusa sehemu hiyo; hapo hakuna jinsi, andika anwani ndani ya NAS lakini iwe nje ya fungu ambalo ruta inagawa, na ubandike karatasi juu ya kifaa yenye anwani hiyo.

Kuna njia nyingine ambayo mara nyingi ni bora na haitajwi: kuibadilisha ruta mpya iwe 192.168.8.1, ili nyumba nzima ibaki mtaa wa zamani. Kama nyumbani kuna printa, kinasa picha cha kamera za ulinzi na NAS, vyote vina anwani za mkono, kubadilisha ruta moja ni rahisi kuliko kufukuzana na vifaa vitatu ambavyo nenosiri la viwili limesahaulika. Hapa kulikuwa na NAS peke yake, ndiyo maana ikaguswa yenyewe.

Na kama nenosiri la NAS lingekuwa limesahaulika, kuna tundu dogo la kitufe cha kurudisha mwanzo nyuma ya kifaa. Kwa Synology, kibonyeze kwa kijiti cha karatasi sekunde 4 hadi kilie mara moja, kisha achia. Nenosiri la msimamizi na mpangilio wa mtandao vinarudi mwanzo, mafaili hayaguswi. Achia hapo. Ukibonyeza tena ndani ya sekunde 10 kwa sekunde 4 nyingine, kinalia mara tatu na kuingia hali ya kusakinisha mfumo upya, na mipangilio yote uliyoifanya kwa miaka inakwenda nayo.

Kosa lilelile kwa sababu nyingine

Diski Z ikaundwa upya kuelekea 192.168.100.50. Kompyuta ya mezani ikafungua. Laptopu ikaleta 0x80070035, kosa lilelile la asubuhi.

Hapa mtu anayefuata ujumbe wa skrini anarudi kuvuruga waya na anwani ambazo ameshazitengeneza. Ping ilijibu. Kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows:

Test-NetConnection 192.168.100.50 -Port 445

Jibu lilikuwa True. Tundu 445 (port, mlango wa namba ndani ya mtandao, si tundu la waya) ndilo la SMB, lugha ambayo Windows hutumia kufungua mafaili ya mtandao. Likiwa wazi, mtandao umemaliza kazi yake. Kinachokataa ni Windows yenyewe.

Folda za harusi zilikuwa zimewekwa wazi kwa mgeni, bila jina wala nenosiri, tangu kifaa kiliponunuliwa. Laptopu ilikuwa ikitumia bando, na Windows ilikuwa imeambiwa kwamba intaneti hiyo ni ya kupimwa (metered), kwa hiyo ilikuwa inaahirisha visasisho vikubwa. Faiba ilipofika, Wi-Fi mpya haikuwa na alama hiyo, na usiku wa Jumatatu laptopu ikajishushia Windows 11 toleo 24H2. Toleo hilo, kwa Pro, linadai kila mazungumzo ya SMB yatiwe saini, na linakataa kuingia kama mgeni. Mgeni hana nenosiri, na bila nenosiri hakuna ufunguo wa kutia saini. Windows mara nyingine hulisema hilo kwa uwazi, mara nyingine husema tu njia haikupatikana.

Tiba ni kumpa mtumiaji jina. Kwenye NAS kulitengenezwa mtumiaji mhariri mwenye nenosiri, akapewa ruhusa ya kusoma na kuandika kwenye folda ya harusi, mgeni akafungwa, na SMB ikawekwa kiwango cha chini SMB2, cha juu SMB3. Kwenye kompyuta zote mbili kumbukumbu za zamani zikafutwa kwanza, maana Windows hung'ang'ania utambulisho wa jana:

net use Z: /delete
net use Z: \\192.168.100.50\harusi /user:mhariri /persistent:yes

Laptopu ikafungua. Mtandaoni utakuta ushauri wa kuwasha SMB1 au kumruhusu mgeni kwa kubadilisha rejista ya Windows. Usifanye. SMB1 ndiyo mlango ambao WannaCry, kirusi cha kuteka mafaili, ilipitia Mei 2017, na Windows 10 ilianza kuiondoa tangu toleo la 1709 mwaka huohuo. Kuirudisha kwa ajili ya folda ya video ni kuweka kazi za wateja wako mahali pa kutekwa.

Jambo jingine linalochanganya: NAS kutoonekana kwenye orodha ya mtandao ya Windows si sawa na kutofikika. Orodha ile hutegemea vifaa kujitangaza. Andika \\192.168.100.50 moja kwa moja kwenye mstari wa anwani, na uhukumu kwa jibu la hapo. Na kama simu au laptopu imeshika Wi-Fi ya wageni, haitaiona NAS kabisa, kwani mtandao wa wageni umetengwa makusudi.

Baada ya kufunguka

Kabla ya kazi yoyote ya kuhariri, mafaili ambayo hayajakabidhiwa yalinakiliwa kwenye diski ya nje ya USB. Kioo hulinda dhidi ya diski moja kufa. Ukifuta faili kimakosa linafutwa pande zote mbili sekunde ileile. Kisha ndipo zikasomwa ripoti za SMART, ambazo diski hujiandikia kuhusu afya yake. Mistari ya kutazama ni sekta zilizohamishwa, namba 5, na sekta zinazosubiri, namba 197. Ya pili ikiwa juu ya sifuri, panga kubadilisha diski bila kungoja. Hapa zote zilikuwa sifuri, na kumbukumbu za mfumo zilionyesha tu kwamba Jumamosi kifaa kilizimwa isivyo sahihi. Ukaguzi wa data uliachwa uendeshe usiku, ukaisha bila kosa.

UPS iliyonunuliwa, yaani betri ya akiba ya umeme, ni ya VA 650, yenye tundu la USB. Tundu hilo liulizie kabla ya kulipa. Bila hilo UPS inampa NAS umeme lakini haiwezi kumwambia kwamba umeme wa nje umekatika. Waya wa USB unatoka UPS kwenda NAS, na kwenye mipangilio NAS imeambiwa ifunge mafaili na kujizima baada ya dakika 5 za betri. Jaribio lilifanywa kwa kuchomoa plagi ya UPS ukutani huku laptopu, imechomekwa kwenye swichi, ikinakili video. NAS ikabaki hai, lakini kunakili kukakatika papo hapo: swichi ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Ikahamishiwa UPS, plagi ikachomolewa tena, kunakili kukaendelea, na ilipotimia dakika ya tano NAS ikajifunga yenyewe.